Sauti nne za Panda zatafuta chumba kimoja

*Katika mji uliojengwa na shaba, watoto wa waliofukuzwa na watoto wa waliobaki wanajifunza kuimba. Mzigo huo umebebwa na makanisa. Nani atawafungulia mahali pa kukutana wote?*

Jumamosi alasiri, Panda haihitaji redio. Ukiacha barabara kuu na kuingia kati ya nyumba zilizopangwa kwa mistari, nyumba ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi wake, unasikia kwaya moja ikimalizia ubeti. Kabla hujafika kona, unapokewa na nyingine. Mazoezi hapa huitwa repetisio, na anayeongoza huitwa maestro, hata kama asubuhi alikuwa sokoni akiuza unga.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Maestro anaandika ubaoni kwa chaki: d, m, s, l. Sauti ya kwanza wanaimba mstari wao mara tatu, mara nne, mpaka ukae. Wanafuata sauti ya pili. Vijana wa besi wako benchi la nyuma, wanasubiri.

Ikifika zamu yao, mstari wa besi ni noti tatu tu zinazojirudia. Ukiusikia peke yake hutajua ni wimbo gani. Kisha maestro anainua mikono, sauti zote nne zinaingia kwa pamoja, na mvulana wa benchi la nyuma anagundua kwamba zile noti zake tatu ndizo sakafu waliyosimama wenzake wote.

Hilo ndilo somo ambalo makala hii inalifuatilia. Katika wimbo wa sauti nne hakuna mwenye wimbo mzima. Kila mmoja ana kipande, na kipande chake hakina maana mpaka jirani yake alete cha kwake. Kwa mji kama Likasi, ambao umewahi kuwafukuza majirani, somo hilo ni zaidi ya burudani ya Jumapili.

Mji uliokusanywa na shaba

Panda ni moja ya komini nne za Likasi, pamoja na Likasi yenyewe, Kikula na Shituru. Mji uko takribani kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, katika mkoa wa Haut-Katanga. Wazee bado wanalikumbuka jina lake la kikoloni, Jadotville, lililotokana na Jean Jadot, mhandisi na mfanyabiashara wa Kibelgiji. Jina hilo lilifutwa mwaka 1966.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ndiyo iliyowakusanya watu hapa. Basanga walikuwa wenyeji wa eneo hili. Juu yao wakaja Baluba wa Katanga na Baluba wa Kasai, Balamba, Babemba, Balunda, Batshokwe, Basonge, na watu wa Rwanda na Burundi. Wengine walikuja kwa hiari, wengine walisukumwa na kodi na mawakala wa kuandikisha vibarua.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mtindo. Badala ya kuchukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, ilianza kuwaruhusu wakae na wake zao na watoto wao kambini. Ndipo kambi za kazi zikageuka mitaa, na watoto wakazaliwa ambao kijiji cha baba yao walikijua kwa kusimuliwa tu.

Watoto hao walihitaji lugha ya kuchezea. Wakakikuta Kiswahili, kilichofika Katanga kwa njia za biashara na kisha kikachukuliwa na kampuni pamoja na wamisionari kuwa lugha ya kazi na ya shule. Walikifinyanga upya. Kiswahili cha Katanga ni mtoto wa kambi: kina maneno ya Kiluba, ya Kibemba na ya Kifaransa, na kila anayekizungumza amekopa kitu kwa mwenzake. Muziki wa Panda ulizaliwa katika nyumba hiyo hiyo.

Gitaa la barabarani

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alipita Jadotville na mashine yake ya kurekodi. Humo mjini alimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu akipiga gitaa kwa namna ambayo hakuwa ameisikia. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Tracey alimrekodi, na kibao cha Masanga kikatoka mjini hapa kikaenda duniani.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili, dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba lilitembea na besi huku kidole cha shahada kikichora wimbo juu yake, na msikilizaji angeapa kuwa kuna magitaa mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, na wapigaji wa Kenya wakamsikiliza kwa makini na kuichukua mitindo yake. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990.

Kwa msomaji wa Tabora au Shinyanga kuna undugu ambao haupaswi kupita bila kutajwa. Bayeke, watu wa Mwenda, walitoka upande wa Unyamwezi. Mfalme wao Msiri alijenga dola yake Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, katika karne ya 19, na akauawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs. Gitaa lililowafundisha vijana wa Nairobi lilipigwa na mjukuu wa wahamiaji kutoka Tanzania ya leo, katika mji wa wahamiaji.

Baadaye njia hiyo ilipitwa na wengi. Super Mazembe, iliyowapa Wakenya Kassongo na Shauri Yako, ilianzia Lubumbashi katika miaka ya 1960 kwa jina la Super Vox, ikapitia Zambia na Tanzania kabla ya kutia nanga Nairobi. Orchestra Maquis, iliyotamba Dar es Salaam, ilikuwa na mizizi Kamina. Wakati Afrika Mashariki ikicheza, mara nyingi ilikuwa ikicheza Katanga bila kujua.

> Katika wimbo wa sauti nne hakuna mwenye wimbo mzima. Kila mmoja ana kipande, na kipande chake hakina maana mpaka jirani yake alete cha kwake.

Lakini Mwenda alijifunza wapi? Hakusomea chuo cha muziki. Alijifunza kama wapigaji wengi wa kambi na mitaa walivyojifunza, kwa kutazama mikono ya wenzake na kwenda kujaribu mwenyewe. Hiyo ilikuwa shule ya kwanza ya muziki ya Likasi. Haikuwa na mlango, kwa hiyo hakuna aliyefungiwa nje.

Shule ya pili: padri na kampuni

Shule ya pili ilikuwa na mlango, na wenye ufunguo walikuwa wawili: misheni na kampuni.

Makanisa yalileta nyimbo za sauti nne, kinanda na fanfari, yaani bendi za matarumbeta. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Katanga mwaka 1911, na popote walipofungua shule, tarumbeta haikuwa mbali na mpira. Wamethodisti wa Kimarekani walifungua misheni hapa Panda-Likasi, na Mulungwishi, kwenye njia ya Kolwezi, wakajenga kituo cha elimu ambacho leo kina chuo kikuu.

Katanga ilitoa pia mtunzi wake mkubwa. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa mwalimu wa muziki Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Alifanya kazi na Mbenediktini Anschaire Lamoral, aliyelea kwaya ya wavulana ya Msalaba wa Shaba. Kiwele alitunga Missa Katanga, misa ya Kilatini yenye midundo ya nyumbani. Mwaka 1960 akawa waziri wa elimu katika serikali ya Moïse Tshombe na akatunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga. Alifariki mwaka 1961.

Upande wa Kamina, Mfransisko Guido Haazen aliwakusanya wavulana na walimu wao katika kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 kundi hilo lilizunguka Ulaya, na Missa Luba ikajulikana dunia nzima. Yote hayo yalitangulia Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ulioanza mwaka 1962 na kufungulia ngoma na lugha za watu milango ya kanisa.

Kampuni nayo ilikuwa na sababu zake. Ilitaka mfanyakazi mwenye afya na roho tulivu, kwa kuwa huyo ndiye huchimba shaba nyingi. Kwa hiyo pamoja na zahanati na posho, ilijenga kumbi za starehe, ikagharimia michezo na fanfari. Ulikuwa ulezi wa baba mkali anayelisha na kuchapa. Hata hivyo ala zilinunuliwa, walimu walilipwa, na mtoto wa Musanga alikaa kiti kimoja na mtoto wa Muluba wa Kasai wakipuliza wimbo mmoja.

Baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, utaratibu huo uliendelea kwa muda. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Kampuni iliyoshindwa kulipa mishahara haikuweza kununua tarumbeta.

Stesheni ya mwaka 1992

Haiwezekani kuandika kuhusu kuishi pamoja Likasi bila kusimama kwenye stesheni ya reli.

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Wanasiasa wa mkoa, ambao wakati huo uliitwa Shaba, walikuwa tayari wamewaaminisha vijana kuwa Wakasai ndio wanaowanyang'anya kazi. Likasi ikawaka. Watu walitolewa majumbani mwao, na makumi ya maelfu wakapiga kambi stesheni na mashuleni wakisubiri treni. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Kolwezi.

Wengi wa waliofukuzwa walizaliwa hapa na hawakuwahi kuiona Kasai. Treni ziliwapeleka katika mkoa ambao lugha yake walikuwa wakiisikia kwa bibi tu, na wako walioaga dunia njiani kwa njaa na maradhi.

Swali linalouma ni hili. Watu hawa walikuwa wamesoma pamoja, wamecheza mpira pamoja, na ndiyo, walikuwa wameimba pamoja. Kwaya za Panda zilikuwepo mwaka 1992. Fanfari zilikuwepo. Mbona hazikuzuia?

"Wimbo hauzimi moto"

Wanaoshuku nguvu ya muziki wana hoja nzito, na ni haki isikike yote.

Hoja ya kwanza ni kwamba muziki hufuata mkono unaoushika. Mwanamuziki Simon Bikindi wa Rwanda, ambaye nyimbo zake zilirushwa na redio ya chuki ya RTLM, alihukumiwa kifungo cha miaka 15 na Mahakama ya Arusha Desemba 2008. Alitiwa hatiani kwa maneno ya uchochezi aliyoyatoa kwa kipaza sauti, si kwa nyimbo zenyewe, lakini kisa chake kinatosha kumzuia mtu yeyote asiseme kwamba wanaoimba hawana baya.

Hoja ya pili ni kwamba muziki wa mjini mara nyingi umekuwa wa makundi. Ngoma ya beni ilitoka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kufika mpaka Katanga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiiga bendi za kijeshi. Popote ilipofika iligawa watu katika vyama vya kushindana. Huko Luanshya, ng'ambo ya mpaka, mtafiti Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela, ambayo Wabisa waliicheza wakiwa wamevaa suti safi huku wakiyatania makabila mengine katika nyimbo zao.

Hoja ya tatu ni ya makanisa yenyewe. Kila kanisa lina kwaya yake, na ndani ya parokia moja zinaweza kuwepo kwaya kadhaa, nyingine zikifuata lugha. Mtoto anaweza kuimba miaka 10 asikae benchi moja hata siku moja na mtoto wa dhehebu jingine.

Upande wa pili hauzikatai hoja hizo. Unachosema ni kwamba zinathibitisha kinyume chake. Ikiwa wimbo una nguvu ya kutenga watu, basi una nguvu, na kinachobaki ni nani anaufundisha na akiwa ameketi na nani. Kalela yenyewe inafundisha jambo ambalo kila Mswahili analijua: utani ni namna ya kuishi na mtu usiye ndugu yake. Unayemtania kwa wimbo Jumapili ni vigumu zaidi kumpiga jiwe Jumatatu.

Na kuhusu mwaka 1992, jibu la haki ni kwamba kwaya haikuwahi kuwa jeshi la polisi. Uongo wa wanasiasa na njaa iliyoletwa na kuporomoka kwa Gécamines vilikuwa na nguvu kuliko repetisio mbili kwa wiki. Muziki hauzuii bunduki. Kazi yake inaanza mapema zaidi, katika miaka ile ambayo hakuna anayetazama, mtoto anapojifunza kumsubiri mwenzake amalize mstari.

> Muziki hauzuii bunduki. Kazi yake inaanza mapema zaidi, katika miaka ile ambayo hakuna anayetazama.

Ubao au pipa?

Kuna mgogoro mwingine, wa kimyakimya, kati ya wale wanaofundisha. Watoto wa Panda wafundishwe nini?

Wako wanaoshikilia nota. Ile d, r, m ya ubaoni ni solfa, mfumo uliopata umbo lake Uingereza katika karne ya 19 na kusambazwa na wamisionari, nao umeokoa kwaya nyingi za Afrika ambazo hazikuwa na kinanda. Aliyeijua solfa anaweza kuimba kitu ambacho hajawahi kukisikia, na anaweza kuandika alichokitunga kisipotee. Walimu hawa wanauliza: kwa nini mtoto wa Panda anyimwe ufunguo ambao mtoto wa Brussels anapewa bure?

Wengine wanaonyesha karindula. Huyu ndiye mfalme wa muziki wa mtaani kusini mwa Katanga. Chukua pipa la mafuta. Liwambe ngozi ya mbuzi mdomoni. Lifungie ubao mrefu uwe shingo, kisha vuta nyuzi nne. Ni banjo, lakini banjo yenye tumbo la pipa, na mlio wake unatetemesha kifua kabla masikio hayajaelewa. Pembeni zinakaa ngoma, waimbaji na wachezaji wanaoingia mmoja mmoja.

Karindula haikuletwa na meli. Ilitengenezwa kwa kile ambacho viwanda vilikitupa, na mikono isiyo na cheti. Vincent Kenis alipoirekodi Lubumbashi, na rekodi hizo zikatolewa mwaka 2011, wasikilizaji wa mbali walishangaa. Watu wa mitaa ya Katanga hawakushangaa, kwa kuwa ilikuwa ikiwachezesha siku zote.

Mtoto anayejifunza karindula anajifunza kwa sikio na kwa mwili. Anajifunza kuunda chombo chake, kukivuta nyuzi mpaka kikubali, na kujua lini anyamaze ili mchezaji ang'are. Hiyo pia ni elimu, wanasema upande huu, na ndiyo iliyomzaa Mwenda.

Nimezipima hoja zote mbili na sioni kwa nini mtoto achague. Kiwele alizijua nota za Kilatini na midundo ya nyumbani kwao, na ukuu wake ulitokana na kukataa kuacha kimojawapo. Shule nzuri ya Panda ingekuwa na ubao ukutani na pipa sakafuni.

Wengine wamefanyaje?

Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa la Wakimbangu, alianzisha Orkestra ya Kisimfoni ya Kimbangu mwaka 1994. Alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wengi kuliko fidla zilizokuwepo, ikabidi wapokezane. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulichukua nafasi yake. Leo ni orkestra kamili, na imealikwa nje ya nchi. Kwa Katanga jambo hili lina uzito wa pekee: Simon Kimbangu alifungwa miaka 30 na kufia gerezani Elisabethville, Oktoba 1951, na kanisa lake limebaki na fanfari na filimbi kama sehemu ya sala.

Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulianzishwa mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge katika kanisa la Mtakatifu Yohane, Korogocho, jirani na jalala la Dandora. Ingawa umepewa hifadhi na parokia, unapokea watoto wa mtaa. Waliojifunza jana ndio wanaofundisha leo, na hapo ndipo ulipo uhai wake.

Zanzibar, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mji Mkongwe, kikafundisha taarabu, ngoma na kidumbaki pamoja na nota. Kimetoa wanamuziki wengi visiwani. Lakini mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimekauka.

Mafunzo ni matatu, na ni rahisi kuyaona. Ala chache si kisingizio, kwa kuwa zinaweza kupokezanwa. Kanisa linaweza kutoa paa bila kudai cheti cha ubatizo. Na mradi unaosubiri hisani ya mbali hulala njaa siku mfadhili akibadili nia.

Fedha zinapita mlangoni

Hapa ndipo Panda ilipo na bahati ambayo Korogocho haina. Iko katikati ya nchi ya shaba na kobalti, na sheria inasema sehemu ya utajiri huo ibaki kwa wenyeji.

Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaugawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, asilimia 15 kwa mamlaka ya mtaa ambako mgodi uko, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Komini ni mojawapo ya mamlaka hizo. Zaidi ya hapo, kila kampuni inayochimba inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka.

Fedha hizo zikija, huelekezwa kwenye madarasa, visima, zahanati na barabara. Hakuna mwenye akili timamu atakayepinga. Mama anayeamka saa tisa usiku kupanga foleni ya maji hatasikia raha kuambiwa kuwa komini imenunua saksafoni. Huo ndio upinzani wa kweli dhidi ya jambo ninalolitetea, na unastahili jibu, si hotuba.

Jibu langu ni la hesabu ndogo. Chumba cha muziki hakihitaji jengo jipya. Darasa la shule ya msingi huwa tupu Jumamosi alasiri. Kinachohitajika ni ruhusa ya kulitumia, kabati lenye kufuli, ala chache, na posho ya walimu wawili: mmoja wa ubao, mmoja wa pipa. Mbele ya gharama ya kisima kimoja, hilo ni jambo dogo.

Shule zenyewe haziwezi kulibeba bila msaada. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika nchini kote, na mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati hana nafasi ya kufundisha wimbo kwa sauti nne. Institut National des Arts, chuo cha taifa kinachofundisha muziki, kiko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Kwa mtoto wa Panda, mlango wa muziki ulio karibu ni wa kanisa. Asiye na kanisa, au mwenye msikiti, anasikiliza akiwa dirishani.

Ufunguo usio wa mtu

Na hapa narudi kwenye swali la mwaka 1992, kwa kuwa naamini ndilo linalotuonyesha kilichopungua.

Fanfari ya kampuni ilichanganya makabila, lakini ufunguo ulikuwa wa kampuni. Kampuni ilipoanguka, chumba kikafungwa. Kwaya ya kanisa inachanganya makabila pia, na imefanya hivyo kwa uaminifu ambao haujawahi kushukuriwa vya kutosha, lakini ufunguo ni wa dhehebu. Vyama vya watu wa asili moja vina ngoma nzuri, na ufunguo ni wa kabila. Barabara iliyomfundisha Mwenda haikuwa na ufunguo, na kwa hiyo haikuwa na kabati la kutunzia gitaa.

Panda haijawahi kupungukiwa na sauti. Inachohitaji ni chumba ambacho ufunguo wake si wa mtu: mtoto wa Mmethodisti, wa Mkatoliki, wa Mkimbangu na wa Mwislamu waingie kwa sababu moja tu, kwamba wanataka kujifunza. Humo mtoto wa familia iliyorudi kutoka Kasai akae na mtoto wa familia ambayo haikuondoka, na asiwepo wa kuwauliza walikuwa upande gani baba zao.

Mivutano ya maneno kati ya wenyeji na wageni imesikika tena Katanga miaka ya karibuni, kila wahamiaji wapya wanapowasili kutoka Kasai kutafuta riziki. Watoto walio darasa la nne leo watakuwa vijana wa mitaani baada ya miaka 10. Wakati huo mtu atawaendea na uongo ule ule wa zamani, na watamsikiliza au watamkatalia kwa jinsi walivyofunzwa kusikiliza.

Jua linapozama, repetisio za Panda hukaribia mwisho. Chaki imeisha, nusu ya ubao imefutika kwa mkono. Maestro anaomba wimbo wote mara moja zaidi, kuanzia juu. Vijana wa besi wanasimama. Wana noti tatu tu, na wanajua ni nani wanaozisubiri.